Kadari Haiondoi Hadhari

Ndugu zetu Waislamu,

Mtoto akinywa mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda, watu husema: "Ni kadari ya Mungu." Kadari ni haki, na kuiamini ni nguzo ya imani, lakini aliyeyatia mafuta chupani ni nani?

Ilipoungua nyumba Madina usiku na watu wake wamo ndani, Mtume (s.a.w.) aliwaambia Masahaba kuwa moto ni adui yao, akawaamrisha wauzime kabla ya kulala. Basi hadhari ni ibada.

Na tuwafunze vijana wetu, wake kwa waume, kama tuwafunzavyo udhu: seredani yenye makaa isilazwe chumbani, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, dawa ya shamba ibaki katika chombo chake, ifungiwe, kisima kifunikwe, panga lisiachwe njiani. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, bali apelekwe hospitali upesi.

Wala ulimi pekee hautoshi. Kijana huutazama mkono wa babake kabla ya kuyasikia maneno yake. Usiku wa leo tuuzime moto mbele yao, tuwaeleze ni Sunna ya nani.

Wabillahi tawfiq.