Salamu Kabla ya Maji

Wakati wa kiangazi hapa Bura mifugo hushuka Mto Tana kwa njia tunazoziita malka. Kundi likikuta jingine linakunywa, wachungaji huamkiana kwanza. Huulizana habari za nyumbani, za malisho, za mvua, ndipo wazungumzie zamu. Ngamia wana kiu, na salamu zinachukua muda. Hata hivyo anayeziruka huenda akaishia kushika rungu.

Mataifa nayo yana kiu yao. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Somalia iliidai ardhi hii yetu na wakazi wengi walitaka kujiunga nayo. Nairobi ikakataa. Vikazuka Vita vya Shifta, vikaua watu na mifugo, na familia zikakusanywa kwa nguvu makambini. Kilichotuliza vita hivyo ni mazungumzo. Tarehe 28 Oktoba 1967, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal, walitia saini mapatano mjini Arusha, Kenneth Kaunda wa Zambia akiwapatanisha.

Mimi humfikiria sana Egal. Kwao walikuwapo waliomwona kuwa msaliti. Ni upendo gani unaomwezesha mtu kwenda kuketi na hasimu ilhali watu wake mwenyewe wanamnung'unikia? Na wewe, je, kuna mlango unaoogopa kuubisha kwa sababu ya maneno ya wa nyumbani mwako?

Lakini tusiharakishe kushangilia. Serikali mbili zilipatana, na bado sheria za hali ya hatari zilibaki huku kwetu hadi 1991. Katikati ya miaka hiyo yakaja mauaji ya Wagalla, Februari 1984, jeraha ambalo Wajir haijalisahau. Taifa linalomkaribisha jirani mezani huku likimshuku raia wake kwa kuwa anasema lugha ya jirani huyo, limefanya nusu tu ya kazi ya amani. Wala mjane hawezi kuagizwa asamehe kwa sababu wakubwa wametia saini. Msamaha wake unahitaji kusikilizwa, mwaka baada ya mwaka, na watu wasiochoka kurudi.

Ndiyo maana wiki hii nakuomba uwaombee mabalozi wetu, hasa wale ambao mazungumzo yao yamekwama na hakuna anayewapongeza. Kisha, ukiweza, mtembelee yule jirani uliyekatiza naye salamu. Usiende na hoja. Muulize habari za watoto, na umpe nafasi amalize kujibu.