Kazi ya Kuzuia

Likuyani, huku kaskazini mwa Kakamega, kukua ni baraka. Mahindi yakistawi tunashukuru mvua na mbolea. Mtoto akirefuka, majirani hufurahi. Saratani ya umio inaisuta imani hiyo. Kwanza ugali hukwama kifuani, kisha uji, mwishowe hata maji hayapiti, na kinachoziba njia ni seli za mtu mwenyewe zilizokua bila kikomo. Wanaosindikiza wagonjwa wao hospitalini Eldoret wanaujua mfuatano huo. Je, kukua ni kwema kwa dhati yake?

Jibu tulitafute ndani ya seli zenyewe. Ni takriban asilimia 2 tu ya DNA yetu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Mwaka 1972 mtaalamu wa jenetiki Susumu Ohno aliita sehemu kubwa ya iliyobaki taka. Hapo thamani ya kitu ilipimwa kwa zao lake. Kisha mwaka 1993 wanasayansi Victor Ambros na Gary Ruvkun wakaonyesha, katika mnyoo wa urefu wa milimita moja, kipande kifupi cha RNA, yaani nakala ya sehemu ya DNA, kisichozalisha protini yoyote. Kazi yake ni kuinyamazisha jeni nyingine wakati wake ukifika. Kikikosekana, seli hurudia hatua za uchanga, na mnyoo haukomai sawasawa. Walitunukiwa Nobel mwaka 2024. Si kila kipande cha DNA kina kazi, lakini hiki kilithibitisha kwamba kuzuia ni kutenda, na kwamba bila kizuizi hakuna ukomavu.

Kwenye umio jambo hili ni la uhai na kifo. RNA iitwayo miR-375 huibana IGF1R, kipokezi cha ishara za ukuaji. Katika uvimbe mwingi wa saratani hii miR-375 hupungua, na ishara hizo hukosa wa kuzituliza. Lakini miR-21, ambayo nayo haizalishi protini, huongezeka na kuinyamazisha PDCD4, jeni inayozuia uvimbe. Mzuiaji amemfunga mzuiaji mwenzake! Basi kuzuia nako si kwema kwa dhati yake. Wema umo katika uhusiano: nani anazuiwa, wakati gani, na kwa faida ya nani. Mkulima anayepunguza miche ya mahindi shimoni analijua hilo. Angeng'oa yote, asingevuna.

Tukikubali hayo, kujizuia hakutakuwa tena jambo dogo. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilieleza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, na utafiti uliofanywa Eldoret umeihusisha chai ya moto sana na hatari hiyo. Anayeiacha chai ipoe hajatengeneza chochote cha kuonekana, lakini ametenda. Naye ambaye chakula kimeanza kumkwama aende hospitali mapema, kwa sababu seli zilizopoteza kizuizi hazitajisimamisha zenyewe.