Nasaha kwa Wazee Wenye Vijana Machimboni: Katika Kumtafutia Tiba Aliyetekwa na Kileo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, kisha akamharamishia kila chenye kuiondoa. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, tabibu wa nyoyo, na Jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Enyi wazee wa pwani, tangu Lamu hadi Kilwa! Wengi miongoni mwenu mna vijana walioondoka majumbani kwenda bara kutafuta riziki. Zamani watu wa pwani waliifuata pembe. Leo waifuata dhahabu. Wako Kahama na Msalala katika Mkoa wa Shinyanga. Wako Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu katika Mkoa wa Geita, uliofanywa kuwa mkoa mwaka 2012. Katika nchi hiyo iko migodi mikubwa ya makampuni, na kando yake yako maduara ya wachimbaji wadogo, ambamo mtu huteremka gizani kwa kamba, wala haijulikani kama atapanda. Fedha ya huko haiji kila siku. Lakini siku ijayo, huja kwa mkupuo, na mwenye kuipata yu mbali na mamaye, na mkewe, na imamu wake. Karibu na duara yupo auzaye gongo, na auzaye bangi, na mji ukinenepa huja auzaye unga. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba tangu tarehe 1 Machi 2017. Walakini vileo vingine vimesalia, kwani kuondoa mfuko si kuondoa kiu.

Basi siku moja khabari humfikia mzee: mwanao amekuwa mlevi. Na wazee wengi hapo hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama humlaani kijana na kumkana mbele ya watu, ama humwendea wakamfunga kwa kamba chumbani mpaka "pombe imtoke". Nasaha hii ni katika jambo la tatu, nalo ndilo lililo karibu na Sunna: kumshika mkono na kumfikisha penye tiba.

Uharamu haubishaniwi

Asidhani mtu kwamba katika maneno haya mna kulegeza sharia. Kileo ni haramu, kichache chake na kingi chake, cha zabibu na cha mahindi, cha kunywewa na cha kuvutwa na cha kudungwa, madhali chalevya. Hiyo ndiyo kauli ya maulamaa walio wengi. Lakini itazameni hekima ya Mola katika kuuteremsha uharamu huo. Kwanza katika Sura ya Baqara watu walielezwa ya kuwa dhambi yake yazidi manufaa yake. Kisha katika Sura ya Nisaa walikatazwa kuikaribia sala hali wamelewa. Mwisho katika Sura ya Maida mlango ukafungwa kabisa. Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, alieleza ya kuwa lau watu wangaliamrishwa siku ya kwanza kuacha ulevi wangalikataa. Leo sharia imekamilika, wala hapana awezaye kusema, "Na mimi nangoja aya ya tatu." Ila jambo moja lasalia kuwa funzo: Muumba ajua namna nafsi inavyotekwa, na namna inavyofunguliwa.

Aliyeletwa mara nyingi

Alikuwako Madina mtu aitwaye Abdullahi, naye alizoea kumchekesha Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtu huyo alishindwa na ulevi. Akaletwa, akapigwa, akarudi, akaletwa tena. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani, akastaajabu kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza, akawajulisha ya kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Khabari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Na katika khabari nyingine, iliyopokewa na Abu Huraira, Mtume aliwakataza watu kumuombea mlevi fedheha, wasije wakamsaidia shetani juu ya ndugu yao.

Zingatieni, enyi wenye akili. Mtu yule hakuambiwa kwamba hana kosa, wala adhabu haikuondolewa. Kilichokatazwa ni kumtoa katika udugu. Kwani mwenye kutolewa katika udugu atakwenda wapi? Atakwenda kwa wale wasiomlaani, nao ndio wanywaji wenziwe. Msikiti ukimfungia mlango, kilabu cha pombe hakimfungii. Na kama mtu atatoa hoja ya kuwa sala ya mlevi haikubaliwi siku 40, na ajue ya kuwa maulamaa wameeleza: kinachopotea ni thawabu, ama faradhi haimwondokei. Haifai basi kumwambia asije msikitini. Akizindukana na kutawadha, na apewe nafasi katika safu.

Hatari ya kamba na chumba

Upigwe mfano wa mzee wa Pangani, ambaye mwanawe yuko Nyarugusu na kwa miaka mingi hunywa gongo tangu asubuhi mpaka usiku. Mzee amefunga safari, amemkuta, amemfungia chumbani, amesoma Yasini, akaketi mlangoni. Nia yake ni njema. Siku ya kwanza kijana atetemeka mikono, atokwa jasho, moyo wamwenda mbio. Kisha huenda akashikwa na kifafa ambacho hakuwa nacho. Siku ya pili au ya tatu aona watu wasiokuwapo na kupiga makelele. Mzee asema, "Ni mashetani yanamtoka." Sivyo. Ni mwili uliozoea kileo, umenyimwa ghafla, nao wataharuki. Na katika hali hiyo watu hufa. Wamekufa walionuia kutubu, kwa kuwa jamaa zao hawakujua.

Tabibu ajua dalili hizo na anazo dawa zake: huzituliza fahamu kwa dawa kama diazepamu, akaipunguza siku hata siku, na humpa vitamini B1, kwani mlevi wa siku nyingi huikosa, na kuikosa kwaweza kumharibu ubongo. Kwa hivyo mnywaji wa kila siku asifungiwe nyumbani akaachishwa kwa nguvu. Na apelekwe kwanza hospitali, aachishwe mbele ya mwenye ujuzi.

Ama mtumiaji wa unga, khatari yake ni nyingine. Kuachishwa ghafla humtesa kwa maumivu, kuhara na kukosa usingizi, ingawa mara nyingi hakumwui. Kimwuacho ni kurudi: akikaa wiki kadha bila unga, mwili husahau, akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi hukatika. Ndiyo maana wengi hufa mara tu watokapo kifungoni au walipofungiwa na jamaa zao.

Neno la Ibn Hajar

Huenda mwenye kuchunga dini akauliza: yafaaje kumpa mtu dawa iliyo jamii moja na kasumba, hali Mtume amebainisha ya kuwa ulevi ni ugonjwa wala si dawa? Jawabu lake halikuanza leo. Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, katika wakubwa wa madhehebu ya Imamu Shafi, aliyeishi Makka katika karne ya 10 ya Hijria, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea kula kasumba hata akawa akiikosa ataangamia. Akafutu ya kuwa, ikijulikana kwa yakini, mtu huyo yamhalalikia, bali yamwajibikia, kutumia kiasi cha kuihifadhi roho yake, kama alavyo mzoga mwenye dharura. Na papo hapo yamwajibikia kupunguza kidogo kidogo mpaka mwili uache bila kutambua. Asipojitahidi kupunguza, ndipo apatapo dhambi.

Tazameni jinsi fakihi huyo alivyokusanya mambo mawili ambayo watu wa leo huyatenganisha: hakuuhalalisha ulevi, wala hakumwacha mlevi afe. Na katika madhehebu hiyo hiyo, aliyekabwa na tonge na asipate maji, yamfalia kulishusha kwa kileo. Roho hutangulizwa. Basi dawa ya methadoni, ambayo hutolewa na tabibu kwa kipimo, mbele ya macho yake, isiyokusudiwa kulevya bali kumtoa mtu katika unga, ina haki zaidi ya kukubaliwa.

Zilipo njia

Kliniki ya kwanza ya methadoni katika Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi wa Februari 2011. Unguja ilifuata mwaka 2015, Kidongo Chekundu, na Malindi ikapata yake mwaka huo huo; na kabla ya hapo, tangu 1995, watu wa Malindi walikuwa na Mradi wa Omari wa kuwatunza walioathirika. Tanga iko kliniki Bombo. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa iko Mwanza, katika hospitali ya Sekou Toure. Dawa hiyo hutolewa bure.

Lakini na ijulikane taabu yake. Methadoni hunywewa kila siku, hapo hapo kliniki. Kutoka Geita hata Mwanza ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka mji wa Shinyanga ni kiasi cha 160. Tangu Juni 2025 watu huvuka Kigongo na Busisi kwa daraja lenye urefu wa kilomita 3, wala hawangoji tena kivuko. Hiyo ni neema. Hata hivyo daraja halimlipii mtu nauli ya kila siku, wala halimpi pa kulala. Kijana aliyetekwa hawezi kuisafiri njia hiyo peke yake, na kila kituo cha basi kina muuzaji.

Tena methadoni ni ya unga na jamii yake tu. Si dawa ya gongo, wala ya bangi, wala ya mirungi. Mwenye kunywa pombe aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye, aseme kweli anywa kiasi gani na tangu lini, aombe kupelekwa hospitali ya mkoa penye watu wa afya ya akili. Ikizidi, iko Bugando Mwanza, na Mirembe Dodoma. Mwenye bangi hutibiwa zaidi kwa mashauri na kwa kubadilishiwa mahali na marafiki. Na asiyejua aanzie wapi, iko simu ya bure namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyosimamishwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Wako watakaosema, "Mgonjwa huyu asomewe tu, apone." Na asomewe, dua ni silaha ya Muumini. Lakini Mtume aliyeomba dua ndiye aliyeamrisha watu kujitibu, na ndiye aliyemfunza bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Mwenye kusoma dua na kuacha hospitali amemwacha ngamia wazi.

Liwapasalo watu wa msikiti

Tiba katika mji mdogo haikosekani kwa kukosa dawa peke yake. Hukosekana kwa kukosa mtu wa kufuatana na mgonjwa. Na hilo si kazi ya serikali, ni kazi ya jamaa.

La kwanza, sitara. Aijuaye aibu ya ndugu yake asiitangaze barazani. Na awaambie wawili watatu watakaosaidia, basi.

La pili, uandamano. Kila msikiti wa Geita, Kahama na Shinyanga na uwe na watu wawili waaminifu wanaojua njia ya hospitali, wampeleke mgonjwa, wakae naye, warudi naye. Na Waislamu wa Mwanza wampe chumba jirani na kliniki kwa miezi ya mwanzo.

La tatu, mali. Nanyi watu wa pwani mwaweza kuwa na sehemu hata mkiwa mbali. Zaka zenu, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, hupewa wastahiki wa mji wenu. Lakini sadaka haina mpaka. Pelekeni nauli na kodi ya chumba, na fedha hizo ziwekwe mkononi mwa msimamizi, zisiwekwe mkononi mwa mgonjwa, maana kumpa shilingi aliyetekwa siku ya udhaifu wake ni kumrudisha shimoni.

La nne, subira. Wengi huanguka tena baada ya kusimama. Akianguka, arudishwe kliniki, asirudishwe duarani. Abdullahi wa Madina aliletwa mara nyingi, wala Mtume hakuhesabu mara hizo ili amkate.

Na mzee wa Pangani? Na aifungue kamba. Na amketishe mwanawe kivulini, ampe maji, atafute gari siku hiyo hiyo kabla jua halijachwa, aende naye hospitali akiwa amemshika mkono. Njiani na asome Yasini yake. Huko ndiko kusoma kwenye miguu.

Ewe Mola, wafungulie waliofungwa na vileo, walainishie wazazi wao nyoyo, wape waganga wao ujuzi, na uwajaalie Waislamu wawe daraja la kupita ndugu zao, wala wasiwe mlango wa kuwafungia. Amin.

Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na Jamaa zake na Sahaba zake. Walhamdu lillahi Rabbil alamin.