Mgeni Aliyejiona Mwenyeji

Tumchukue mfanyabiashara wa chai wa Mombasa, wa kadiri tu. Ananunua mnadani kupitia dalali, anachanganya ghalani, anapakia na kuuza nje. Amezoea wateja wa Pakistan na Sudan. Usimtafutie jina, nimemuunga kutokana na wasafiri wengi wa aina yake. Mji anaokwenda, hata hivyo, ni wa kweli, na taratibu zitakazomkwamisha ni za kweli pia. Anakwenda Alexandria, pwani ya Mediterania ya Misri, kuonana na mnunuzi mpya.

Safari yenyewe ina mantiki. Misri hailimi chai lakini huinywa asubuhi, mchana na usiku, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mnada wa Mombasa. Kenya na Misri zimo pamoja katika eneo huru la biashara la COMESA tangu lilipoanza mwaka 2000, kwa hiyo chai ya Kenya yenye cheti chake cha asili huingia bila ushuru wa forodha. Na bwana wetu ana sababu yake binafsi ya kujiamini. Kiarabu anakijua, cha madrasa. Ijumaa atapanga safu msikitini na wenyeji. Akina mama anaokutana nao njiani wamejistiri kama wa Mji wa Kale, wazee wanakunywa kahawa nje ya milango, bahari iko pale pale. Mtu huyu huyu angealikwa Hamburg angeuliza kila kitu: ofisi zinafunguliwa saa ngapi, mkataba unaandikwaje, nani anatia saini. Alexandria hakuuliza, kwa sababu alijiona amefika kwao. Hilo ndilo kosa lake. Mengine yote yamezaliwa na hilo.

Mambo madogo aliyafanya sawasawa, na yafaa yasemwe. Alibeba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Misri hukidai kwa mtu atokaye Kenya. Dola zake za mkononi hazikuzidi 10,000, kiwango ambacho ukikipita lazima utoe taarifa forodhani. Alivunja noti mapema akapata ndogo ndogo, maana bakshishi Misri hutolewa kila kona: mbeba mizigo, mlinzi wa magari, anayekushikia mlango.

Tiketi yake ya ndege ilikuwa ya Cairo. Kutoka huko hadi Alexandria ni zaidi ya kilomita 200, na treni ya kutoka kituo cha Ramses humaliza karibu saa tatu njiani. Mji una uwanja wake wa ndege, Borg El Arab, lakini nao uko mbali, kwa hiyo usidhani ukishuka pale umefika. Treni nayo husimama mara mbili mjini: kwanza Sidi Gaber, halafu Misr, ambapo reli inaishia. Hoteli yake ilikuwa mtaa wa Raml, mwendo mfupi kutoka Misr. Aliona abiria wengi wanainuka Sidi Gaber, akainuka nao. Alexandria ni mji mwembamba uliojinyoosha kati ya bahari na ziwa Mariut, karibu kilomita 20 kutoka Montaza mpaka Ras el-Tin, na barabara ya ufukweni, Corniche, ndiyo inayobeba karibu kila mtu. Anayepangiwa mikutano miwili kwa asubuhi moja, mmoja mashariki na mwingine bandarini, achague upi ataukosa.

Alifika Alhamisi usiku. Ijumaa na Jumamosi Misri imepumzika: benki zimefungwa, ofisi zimefungwa, wiki inaanza Jumapili. Kwa kuwa ofisi nyingi za Kenya hulala Jumamosi mchana na Jumapili, siku kamili ambazo Mombasa na Alexandria ziko kazini kwa pamoja ni nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Anayengojea benki mbili zijibizane azihesabu hizo tu. Yeye alikuwa amepanga kuondoka Jumanne.

Ijumaa haikupotea, kusema kweli. Baada ya sala mnunuzi alimchukua hadi mtaa wa Anfoushi kula samaki. Huko samaki unamchagua mwenyewe juu ya barafu, anapimwa kwa kilo, kisha unasema unamtakaje. Walichagua mkizi, akapakwa pumba za ngano ngozi nzima na kuchomwa mpaka pumba zikawa nyeusi. Ukiivua ile ngozi nyama ya ndani ni nyeupe na ina maji yake. Ukaja na wali wa sayadiya, wa rangi ya kahawia kwa vitunguu vilivyokaangwa sana. Walizungumza watoto, hija, mpira na hali ya hewa. Chai haikutajwa. Kwetu pwani mlo wa namna hiyo ni mwanzo mzuri, na Alexandria pia ni mwanzo mzuri. Yeye aliutafsiri kuwa ni mwisho: alirudi hotelini akampigia mkewe kwamba mambo yamekwisha, imebaki kupakia.

Jumamosi usiku kijana wa mnunuzi alimpigia simu: mkutano kesho, ofisini Manshia, es-saa talata. Kichwani mwake talata ikawa tatu, na tatu ikawa saa tatu ya asubuhi. Saa tatu ya asubuhi yuko mlangoni, suti na tai. Bawabu alikuwa bado anafagia ngazi. Akamwita Hagg kwa heshima, akamletea kiti, akamweleza kwamba bosi haji kabla ya adhuhuri. Wamisri huhesabu saa kama Wazungu. Talata ni saa tisa yetu ya alasiri. Mswahili anayepanga miadi ya aina hii aitaje na sehemu ya siku, asubuhi au alasiri, kisha aombe iandikwe kwenye ujumbe wa simu.

Muda ule wa kungojea aliutumia vibaya. Dirishani kwake hotelini alikuwa akitazama bandari ya Mashariki, ile ya mviringo yenye boti za wavuvi na ngome ya Qaitbay kwenye ncha, akidhani ndiko kontena lake litakakoshushwa. Mizigo hushuka upande wa pili, bandari ya Magharibi, na jirani yake Dekheila. Alipoambiwa hivyo na bawabu alitembea mpaka kwenye lango la bandari akatoa simu apige picha ya kumwonyesha mshirika wake. Askari alimfikia kabla hajabonyeza mara ya pili. Bandari, madaraja na chochote cha jeshi Misri havipigwi picha, na upande ule wa Ras el-Tin wanamaji wako karibu. Simu ilirudishwa, picha zimefutwa, na alikuwa na bahati kwamba mambo yaliishia hapo.

Alasiri mkutano ukaanza, na hapa ndipo penye somo zima kwa anayetaka kujifunza. Chai ililetwa kwenye bilauri. Ile wanayoiita koshary hutengenezwa kwa majani ya punje ndogo sana: yanatiwa chini ya bilauri pamoja na sukari, yanamiminiwa maji yaliyochemka, kisha watu wanangoja yatue. Haipikwi jikoni, haina maziwa, pengine huwekwa kijani cha nanaa. Mnunuzi alifungua sampuli ya mgeni, akamwaga kidogo juu ya karatasi nyeupe, akazitawanya punje kwa ncha ya kidole. Ilikuwa BP1, daraja la punje kubwa ambalo wateja wa Pakistan hulipenda. Akatia kijiko kwenye bilauri tupu, akamimina maji, akangoja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Bilauri ya chai yao ilikuwa imeshakuwa nyekundu iliyokolea. Hii ilikuwa bado inatoa rangi taratibu, kama nguo mpya inayochuja. "Kwayyis," akasema mnunuzi. Nzuri. Akaiweka mezani, na hakuigusa tena.

Bwana wetu alilisikia lile neno. Bilauri hakuiangalia. Swali moja tu lingetosha, kwamba nyinyi hapa mnapakia daraja gani, na kule Mombasa ghala lake lilikuwa na PF1 na D1, madaraja ya punje ndogo, za kutosha. Hakuuliza kwa sababu mwenyeji haulizwi anachopenda baada ya kusifu.

Bei ilizungumzwa mwishoni, wakiwa wamesimama. Mnunuzi alisema inshallah. Sasa hili nalishangaa, maana mtu wa pwani ndiye aliyepaswa kulielewa kuliko mgeni yeyote: sisi wenyewe ndilo tunalomwambia jirani anapotualika harusi ya Mikindani nasi hatuna nia ya kwenda. Hata hivyo alilipokea kama saini. Kuomba karatasi aliona haya. Mtu umekula naye, umesali naye, unamdaije mkataba? Mnunuzi angempa bila kununa. Wafanyabiashara wa Alexandria wamesafirisha na kupokea mizigo kwa vizazi, na hakuna anayejiona ametukanwa kwa kuombwa oda ya maandishi.

Jumatatu bahari ilichafuka. Dhoruba za kipindi cha baridi pale huitwa nawwa, na wavuvi wanazo kwenye kalenda, kila moja na jina lake na tarehe zake, kama sisi tunavyoujua msimu wa kusi na wa kaskazi. Zikipiga, mlango wa bandari za Alexandria na Dekheila hufungwa, na meli zinangoja nje. Mnunuzi alikuwa na makontena kwenye meli iliyokuwa ikisubiri, hakushika simu siku nzima. Anayekwenda mji ule kati ya Novemba na Machi aongeze siku mbili tatu ambazo hazina kazi. Yeye hakuwa nazo. Jumanne alirudi Cairo na begi lile lile, bila karatasi hata moja.

Mombasa akapakia. Ili apunguze gharama alichanganya na chai ya Mufindi, Tanzania, iliyo nzuri na ilikuwa imepungua bei. Wakala wake wa forodha ndiye aliyemkumbusha kwamba Tanzania iliondoka COMESA mwaka 2000, kwa hiyo cheti cha asili alichokuwa anakitegemea hakiwezi kuisemea chai ile. Kisha wakala wa meli akauliza namba ya ACID. Hakuwa nayo, na hakuwahi kuisikia.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 hakuna shehena ya bahari inayokubalika Misri bila namba hiyo, yenye tarakimu 19. Anayeiomba ni mnunuzi, kupitia mfumo wa serikali uitwao Nafeza, kabla mzigo haujapakiwa. Muuzaji naye hujisajili kwenye jukwaa la CargoX na kutuma nyaraka kupitia huko, na namba lazima ionekane kwenye ankara na kwenye hati ya shehena. Maana yake ni kwamba mnunuzi ambaye hajakuombea ACID hajanunua, hata akikuita ndugu. Meli iliondoka, kontena likabaki.

Alipompata mnunuzi kwenye simu, alijibiwa kwa upole. Dola ni ngumu, soko limebadilika, na ile chai, Hagg, punje zake ni kubwa mno kwetu. Kuhusu dola hakudanganywa. Mwaka 2022, kuanzia Februari mpaka mwisho wa Desemba, benki kuu ya Misri iliwalazimisha waagizaji wengi kutumia LC, yaani barua ya mkopo ya benki, na mizigo ikarundikana bandarini. Tarehe 6 Machi 2024 iliiachia pauni ielee, na dola iliyokuwa kama pauni 31 ikakaribia 50 siku hiyo hiyo. Mwagizaji aliyepitia hayo hajifungi kwa mdomo. Ndiyo maana pale mezani, kabla bilauri hazijaondolewa, mgeni huuliza benki gani itafungua LC, dola zitatoka wapi, na bei itasimama mpaka tarehe ipi.

Chai ile iliuzwa baadaye kwa mteja wa zamani wa Karachi, kwa bei ya chini, baada ya kulipiwa ghala. Mnunuzi wa Alexandria humtumia salamu za Idi kila mwaka, zote mbili, na humuulizia hali ya watoto kwa majina. Hajamwagizia hata gunia moja.