Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Vumbi na mkwaruzo 🌙

Poleni na swaumu, na sisi wa huku Iyula poleni na mvua pia. Jana bati lilipigwa mpaka adhana ya Magharibi tukaisikia kwa kukisia.

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Wengi mnaijua ile darubini ndogo tunayoitoa nje kutafuta mwezi mwandamo. Hamu ya kuwa nayo niliipata Rujewa, kule Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa likabaki pete tupu angani. Nilichungulia kwa zamu, sekunde chache tu kwa sababu nyuma watu walikuwa wanasukumana, na tangu siku ile sikutulia. Miaka ikapita, nikapata ya kwangu, ya mtumba lakini nzima.

Sasa, kiangazi kilichopita, wakati wa mavuno ya kahawa, si mnajua barabara zetu zinavyokuwa, gari moja likipita nyumba tatu zinapiga chafya. Nikakuta vumbi kwenye lenzi ndogo, ile tunayowekea jicho. Nikaihohea "haa", nikashika pindo la kanzu, nikasugua kwa nguvu mpaka ikang'aa. Nilijiona fundi. Usiku nikaielekeza kwenye mwezi, nao ukaonekana umezungukwa na weupe kama wa maziwa yaliyomwagika. Asubuhi nikaiinamisha kwenye mwanga na kuona duara za mikwaruzo, mfano wa sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Na kwa kweli ni mchanga. Vumbi lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko kioo. Juu ya lenzi kuna utando unaopunguza mng'ao, ule unaoonekana zambarau au kijani ukiigeuza. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele mara mia kadhaa. Kimondo chetu pale Ndolezi ni tani kama 16 za chuma, wageni wanakipapasa na kukipanda kupiga picha, wala hakijali. Lenzi siyo kimondo. Ukisugua vumbi kavu juu yake, unaikwaruza kwa lile lile vumbi unalotaka kuliondoa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vumbi lile halikuwa na madhara makubwa. Mwaka 1970, katika kituo cha McDonald huko Texas, Marekani, mfanyakazi alikipiga risasi kioo kikubwa cha darubini, chenye upana wa mita 2.7. Kioo kilitoboka lakini hakikupasuka. Mwanga uliopotea ulikuwa kama sehemu moja tu ya mia, na wataalamu wakaendelea kutazama nyota kwa kioo hicho hicho. Mimi vumbi la siku mbili lilinitoa roho!

Nimelikumbuka hili kwa sababu ya usiku wa tatu wa Ramadhani hii. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja tarawehe, mara yake ya kwanza tangu mwaka jana. Suruali yake ilikuwa imechanika, magoti yote nje. Nilikuwa mlangoni, nikamwambia mbele za watu, "Kijana, hapa siyo kijiweni." Wawili watatu wakacheka. Akavaa viatu vyake, akawasha pikipiki. Hajarudi.

Nilisema uongo? Hapana, magoti yalikuwa wazi. Lakini ukutani, hatua mbili kutoka niliposimama, kulikuwa kumetundikwa kikoi.

Mnakijua kisa cha bedui aliyeingia msikiti wa Mtume (s.a.w.) akaanza kukojoa humo humo. Masahaba waliinuka kumkatiza. Mtume akawazuia, wamwache amalize, kisha ikaletwa ndoo ya maji ikamwagwa pale, naye akaelezwa kwa upole msikiti ni mahali pa nini. Wanazuoni wanasema angekatizwa katikati, uchafu ungeenea mahali pengi zaidi, na yeye mwenyewe angeumia. Mimi nasoma hapo na mpangilio wa kazi, maana maji yalitangulia na mkono haukutumika kabisa.

Lenzi ndivyo inavyotaka. Kwanza unapuliza kwa kile kipira cha kunyonyea kamasi za mtoto, siyo kwa mdomo, mate yataruka (hata ya mfungaji). Kisha brashi laini. Kama bado kuna alama, ndipo unatia tone moja au mawili ya spiriti safi kwenye pamba, siyo kwenye lenzi yenyewe maana majimaji hupenya pembeni, na unapitisha bila kukandamiza, kutoka katikati kwenda nje. Aliyeniuliza kama spiriti ni najisi, nitalileta siku yake.

Kuna ndugu aliniambia juzi, "Mzee, tukinyamaza kila kitu msikiti utageuka kijiwe." Ana hoja. Mafuta ya kope na wanja yakikaa kwenye lenzi siku nyingi yananata uchafu mwingine na yanaweza kuudhuru ule utando. Na msimu huu wa mvua kuna hatari nyingine. Ukiifungia lenzi kwenye boksi ikiwa bado na umande, kuvu huota ndani, na kuvu huacha alama kwenye kioo chenyewe. Anayesema "tuache tu" naye anaharibu, ila polepole.

Kwa hiyo sitaki kujificha nyuma ya kisa cha bedui. Swali langu ni lingine, nalo halinipi usingizi hata baada ya daku. Nilipomkemea yule kijana, nilijisikia vizuri. Ilikuwa raha ile ile ya pindo la kanzu, ya kuona kitu kimeng'aa mkononi mwangu. Ningekuwa namtaka yeye, jicho langu lingekiona kikoi kabla ya kuona magoti. Nilichokuwa nasafisha ni nini hasa, yeye au jina langu mlangoni? Nimejiuliza siku kumi na tano sasa na jibu linalokuja silipendi.

Lenzi ile nimeibakiza, mikwaruzo haifutiki. Kikoi nimekifua jana.

Kijana nilimtumia ujumbe baada ya witri. Nilimwomba radhi, na nikamwambia kesho futari iko kwangu, aje na abiria wake kama anaye. Tiki mbili zimegeuka bluu tangu saa nne usiku. Bado hajajibu.

Wassalaam alaykum.