Mraba Usiosimama: Hiari, Kadari na Haki ya Jaribu Gumu

Geometry Dash ni mchezo wa simu uliotolewa Agosti 2013 na Robert Topala, mtengenezaji programu wa Sweden. Mhusika wake ni mraba mdogo wenye macho mawili, unaokwenda mbio kutoka kushoto kwenda kulia bila kusimama. Mchezaji hawezi kuupunguza mwendo, kuugeuza wala kuurudisha nyuma. Kidole kikigusa kioo, mraba unaruka. Kisipogusa, unaendelea mbele mpaka ugonge tofali au uchomwe na mwiba, na hapo hupasuka. Kufumba na kufumbua umerudi mwanzo kabisa, na juu yake pameandikwa hilo ni jaribio la ngapi. Hatua ya kwanza, iliyo nyepesi kuliko zote, humchukua kama dakika moja na nusu anayeipita. Anayejifunza huweza kufika jaribio la themanini na bado hajauona mwisho wake.

Karibu na mwisho wa hatua hiyo kuna miba mitatu iliyopangwa mfululizo. Kimo cha mruko ni kilekile siku zote, na urefu wake unatosha kuivuka miba hiyo kwa shida. Kidole kikiwahi, mraba hutua juu ya mwiba wa tatu. Kikichelewa, huchomwa na wa kwanza. Kijana aliyekaa dirishani kwenye treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, anaweza kuyamaliza mahandaki yote ya Kilosa na kufika Gulwe bado anapambana na miba hiyo mitatu. Wala hahitaji bando, kwa kuwa hatua za awali huchezeka bila intaneti. Hakuna anayemlazimisha. Kila mraba ukipasuka, midomo yake hujikaza kidogo, na kidole tayari kimerudi pale pale juu ya kioo.

Mchezo wa namna hii unalileta karibu swali ambalo wanadini na wanafalsafa wamelibishania kwa karne nyingi: kiumbe aliyewekwa kwenye njia asiyoichora, kwa mwendo asioupanga, ana hiari gani? Uwanda wa kati wa Tanzania haulioni swali hili kuwa geni. Dodoma ina Msikiti wa Gaddafi na ina kanisa kuu la Kianglikana, na wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana, walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Waumini wa pande zote mbili hutamka “Mungu akipenda” wanapopanga safari, na “ndivyo ilivyopangwa” wanaporudi mazikoni.

Katika Uislamu majibu makuu yalikuwa matatu. Jabria, ambao Jahm bin Safwan wa karne ya 8 huhesabiwa miongoni mwa viongozi wao, walisema mja hatendi chochote. Anasukumwa kama unyoya upeperushwavyo na upepo. Mutazila wa Basra walisema mja ndiye muumba wa matendo yake, la sivyo adhabu na thawabu hazina haki. Abul Hasan al-Ashari, aliyekuwa Mutazila kabla ya kuwaacha wenzake, na aliyefariki mnamo mwaka 936, alishika njia ya katikati ambayo ndiyo iliyofundishwa zaidi katika madrasa za Kishafii za pwani ya Afrika Mashariki: Mungu huumba tendo, mja hulichuma. Uchumaji huo huitwa kasbu.

Fundisho la kasbu limelaumiwa mara nyingi kuwa ni fumbo lisiloeleweka. Mraba wa Geometry Dash unalieleza vizuri kuliko mifano mingi. Kidole hakiuinui mraba. Programu ndiyo inayouinua, kwa kimo ilichokwisha kukiweka, na kuushusha kwa kasi iliyokwisha kupangwa. Mchezaji hana nguvu yoyote ndani ya mruko wenyewe. Alichonacho ni wakati wa kugusa, na hicho ni chake kikamilifu. Mraba ukichomwa, hakuna mchezaji anayesema programu ndiyo iliyokosea; husema “nimechelewa.” Amelichuma kosa lake, ingawa kila kilichotembea juu ya kioo kilitembezwa na mwingine.

Bao linatoa mfano mwingine, wa zamani zaidi na wenye nafasi pana. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32 na kete 64, wala hauna dadu. Mchezaji huchagua shimo na upande wa kuanzia, akafikiri atakavyo, hata wazee wa kijiweni wakianza kumsuta. Lakini kete zikishaanza kusambazwa, sheria ndiyo inayouongoza mkono kutoka shimo hadi shimo, mpaka kete ya mwisho ilale. Katika bao hiari iko nyingi mwanzoni mwa kila zamu, kisha sheria inashika hatamu. Katika mchezo wa mraba hiari imekatwakatwa vipande vidogo sana na kutawanywa njia nzima.

Hata hivyo, swali la hiari silo zito kuliko yote hapa. Zito zaidi ni la haki. Mchezo mmoja uliotangulia huu, uliotoka mwaka 2009, unaitwa The Impossible Game, yaani mchezo usiowezekana; lakini unawezekana, na hapo ndipo hoja ilipo. Geometry Dash huwaruhusu wachezaji kuunda hatua zao wenyewe na kuwafikishia wengine duniani. Kuna hatua zenye miba iliyosongamana kiasi kwamba jicho geni halioni pa kupenya. Lakini programu haipokei hatua mpya mpaka anayeipeleka aipite kwanza, toka mwanzo hadi mwisho, bila alama za kuanzia katikati. Kwa hiyo anayepasuka kwenye hatua iliyopokelewa kwa kanuni hiyo anajua jambo moja kwa yakini: kuna aliyepita hapa. Yakini hiyo ndiyo inayokirudisha kidole kiooni mara ya themanini na moja. Bila yakini hiyo, kurudia kungekuwa kujitesa tu.

Wanateolojia waliliita suala hili kumkalifisha mja asichokiweza. Mutazila walishikilia kwamba Mungu mwadilifu hawezi kufanya hivyo. Waashari walijibu kwamba kiakili yawezekana, kwa sababu hakuna kanuni ya haki iliyo juu ya Mungu ikamfunga. Asipofanya hivyo, ni kwa fadhila yake, na aya ya 286 ya Sura ya Baqara inawahakikishia waumini kwamba nafsi haitwikwi zaidi ya uwezo wake. Upande wa Ukristo, mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagio alifundisha kwamba Mungu hawezi kuamuru lisilowezekana, hivyo mtu anaweza kutii kwa nguvu zake. Agostino wa Hippo alimpinga kwa nguvu: amri inatimizika, lakini kwa neema. Ukristo unaongeza dai ambalo Uislamu haulikubali, kwamba Muumba mwenyewe aliipita njia ya wanadamu, pamoja na njaa yake na kifo chake. Uislamu hauoni haja ya hilo, maana aliyeumba anakijua kiumbe chake bila kuhitaji kujaribu. Tofauti hiyo ni ya kweli wala haifai kufichwa. Lakini dini zote mbili zinamwambia mtu aliyeelemewa neno moja la kwanza, kwamba jaribu lake linapitika, na katika hilo zinaugusa moyo wa mambo. Ugumu wenyewe haujawahi kuwa dhuluma. Dhuluma huanza pale mtu anapowachorea wenzake njia ambayo hana habari kama inapitika, kisha akawalaumu kwa kuanguka.

Mfano mkubwa wa dhuluma hiyo uko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1946 tume ya Waingereza iliyoongozwa na John Wakefield iliizunguka Tanganyika kwa wiki chache, kwa sehemu kubwa ikiwa ndani ya ndege, ikapendekeza mashamba ya karanga ambayo pamoja na yale ya nchi jirani yangefika ekari milioni 3.2. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mibuyu na vichaka viliyashinda matrekta. Mvua zilikuwa haba na zisizotabirika, na udongo mwekundu ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikabaki zimenaswa ndani yake. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Waliouchora hawakuwa wamelima hata msimu mmoja wa karanga pale. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo waliijua ardhi hiyo miaka mingi, na mpango haukujengwa juu ya ujuzi wao. Kuliita anguko hilo kadari ni kumsingizia Mungu kazi ya ofisi.

Ukame wenyewe, ule usiotokana na ofisi yoyote, ni jambo gumu zaidi, na hapa mfano wa mchezo unafika ukingoni. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hupata takriban milimita 500 hadi 600. Mraba ukipasuka, njia hurudi ilivyokuwa, tofali kwa tofali, na anayerudia hushinda kwa kukariri. Mvua haikaririki. Mkulima wa Chamwino au Bahi akipanda mtama mvua za kwanza, kisha jua likakaza wiki tatu, miche hukauka na yeye huanza upya. Lakini ameanza upya akiwa na mbegu pungufu na siku pungufu, na Januari yake haifanani na Desemba. Anachokibeba kutoka jaribio moja hadi jingine si picha ya njia. Ni uzoefu wa kutoiamini mvua ya kwanza, uwele uliochanganywa na mtama ili kimoja kikishindwa kingine kisimame, shamba la bondeni na jingine la mwinuko. Naye husema “Mungu akipenda” huku akipima kwa kiganja mbegu zinazokwenda shambani leo na zile zitakazobaki kihengeni mpaka ijulikane kama za kwanza zimeota.