Je, Yafaa Kumwamini Mungu kwa Hisabu ya Faida?



Baada ya darsa ya Alkhamisi hapa Kaloleni, kijana mmoja aliye karani wa duka alibaki nyuma, wenzake walipokwisha kutoka, akasema: "Maalim, mimi naswali na nafunga, wala sinywi pombe. Lakini nikisema kweli, sina yakini. Nafanya kama mtu wa Kisumu atokaye asubuhi na mwavuli: jua likiwaka sikupata khasara, na mvua ikinyesha nimesalimika. Je, sala yangu ni sala?"

Sikumjibu usiku ule. Swali lake wengi wetu tunalo kifuani, illa hatuna ushujaa wa kulitamka.

Wazungu huinasibisha hoja hii na Blaise Pascal, Mfaransa bingwa wa hisabu aliyekufa mwaka 1662. Yeye aliandika ya kuwa akili peke yake haiwezi kukata shauri kama Mungu yuko au hayuko. Basi mtu na atazame faida na khasara, kama mcheza kamari awekavyo dau (mfano huo wa kamari ni wake, si wetu). Akiamini, na Mungu yuko, amepata pato lisilo mwisho. Na kama hayuko, alichopoteza ni kidogo. Lakini zaidi ya miaka mia tano kabla ya Pascal, Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, alikwisha kuinakili hoja ya namna hiyo katika kitabu chake Ihya, akiitaja kuwa ni maneno ya Sayyidna Ali kwa mtu aliyekanusha akhera. Wala Ghazali hakuiacha hivi hivi. Aliongeza ya kuwa Sayyidna Ali hakusema hayo kwa kuwa na shaka, bali alimsemesha yule mtu kwa kadiri ya akili yake. Tuyashike maneno hayo, maana yake ni kwamba hoja ya faida husemwa na mwenye yakini kumwambia asiyekuwa nayo. Si hoja aliyoipatia yakini yake mwenyewe.

Sasa tulitazame ziwa letu hili. Ng'ambo yake ya magharibi, katika Buganda, alitawala Kabaka Mutesa wa Kwanza tangu 1856 hata 1884. Wafanyi biashara wa Pwani na Unguja, wazee wenu nyinyi msomao, walimfikishia Uislamu. Nao, tusifiche, walileta Kurani na bunduki katika msafara mmoja, wakarudi na pembe na watumwa. Mutesa alifunga Ramadhani kwa miaka, akawaamuru watu wake wafunge, akajifunza herufi za Kiarabu. Kutahiriwa alikataa, kwani mila haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Kisha jeshi la Misri lilipokuwa likisogea kutoka kaskazini, na Stanley alipomfikia mwaka 1875, akataka waalimu wa Kikristo. Waprotestanti wakaja 1877, Wakatoliki 1879. Akawasikiliza wote barazani kwake, wakishindana mbele yake, na akafa pasina kutulia kwa yeyote.

Siri ya moyo wake anaijua Mola wake. Lakini mwenendo wake watuonyesha aibu mbili za hoja ya mwavuli. Ya kwanza, hoja yenyewe haisemi uingie mlango gani: kila mjumbe alimjia Kabaka na pepo yake na moto wake, na hisabu ya faida ni ile ile kwa wote. Ya pili, mwenye kuingia dini kwa hisabu haachi kuhisabu. Bei ikibadilika, naye hubadilika.

Katika jumba hilo hilo walikuwamo vijana wahudumu waliosilimu. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka, wakakataa kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa. Yapata mwaka 1876 waliuawa, kama vijana 70, huko Namugongo, pahala pale pale walipochomwa vijana wa Kikristo miaka kumi baadaye. Mtu atasema: nao walihisabu, wakauza maumivu ya saa moja kwa pepo ya milele. Naam, lakini hisabu hiyo ilitoka sawa kwa sababu walikuwa na yakini tangu mbele. Sijaona mtu atoaye shingo yake kwa neno "huenda".

Hapa nitaambiwa: mbona Kurani yenyewe yaita imani biashara? Ni kweli, katika Suratus Saff. Lakini tazama anayesemeshwa pale: ni wale waliokwisha kuamini. Biashara hiyo hufunguliwa ndani ya imani. Na yule amwabuduye Mungu akiwa ukingoni, akipata kheri hutulia na akipata msukosuko hugeuka, khabari yake iko katika Suratul Haj, nayo si khabari njema.

Je, tumfukuze kijana wetu? Hasha. Sharia imewawekea fungu la zaka wale wanaozoezwa nyoyo zao. Safwan bin Umayya, aliyekuwa adui, alipewa ngamia kwa mamia katika ngawira za Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, naye mwenyewe amesimulia ya kuwa Mtume (S.A.W.) hakuacha kumpa hata akawa ndiye mtu ampendaye kuliko wote. Aliingia kwa tamaa. Hakubaki katika tamaa. Wala sitamtwika kijana daraja ya Rabia wa Basra, aliyemtaka Mungu pasina kuitazama pepo wala moto. Mimi mwenyewe sijaifikia.

Alkhamisi iliyofuata nilimwambia: "Sala yako usiiache, lakini usiridhike na mwavuli wako. Umeuliza utapata nini. Hujauliza bado kama ni kweli." Akauliza: "Na nikiuliza, nikakosa jawabu?" Nikamweleza ya kuwa Ghazali mwenyewe, katika Al-Munqidh, amekiri kwamba alitiwa shaka karibu miezi miwili, na kwamba hakutoka kwa kupanga hoja, bali kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mwenyezi Mungu. Lakini katika miezi hiyo hakuwa akihisabu faida. Alikuwa akiitafuta kweli.

Juzi alikuja na daftari na kalamu. Tumeanza kukisoma kitabu hicho baada ya Isha, ukurasa mmoja kila usiku.